Kabla Hujanunua Antivirusi: Namna ya Kuchagua Kinga ya Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta ya nyumbani hubeba mambo ya familia nzima. Humo mna kazi za shule za watoto, hesabu za kikoba, vyeti vilivyoskaniwa, picha za harusi na za msiba, na barua za kuomba kazi za kijana aliyemaliza chuo. Mara nyingi vitu hivyo havina nakala mahali pengine popote. Ndiyo maana uamuzi wa kuweka antivirusi gani si wa kumwachia muuza duka au fundi, huku mwenye mali akisubiri kutajiwa bei tu.

Makala haya yanamhusu zaidi mwenye kompyuta ya Windows, kwa sababu ndiyo iliyoenea majumbani kwetu na ndiyo inayolengwa zaidi na watengenezaji wa virusi. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: antivirusi nzuri ni ile iliyopatikana kwa njia halali, inayosasishwa kila siku, na inayolingana na jinsi kompyuta yako inavyotumika. Jina na bei huja baadaye. Familia nyingi zikifuata hatua zifuatazo zitakuta hazina haja ya kununua chochote. Nyingine zitakuta zinahitaji, na zitajua zinanunua nini na kwa nini.

Anza kwa kujua ulichonacho

Kila kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 huja na antivirusi yake ndani, nayo ni Microsoft Defender. Haidai leseni wala malipo ya mwaka. Watu wengi hawajui kuwa wanayo, na wengine wanayo lakini imezimwa bila wao kujua.

Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika Windows Security, kisha fungua ukurasa wenye alama ya ngao. Ingia sehemu iliyoandikwa "Virus & threat protection" na usome mambo matatu. La kwanza ni jina la programu inayolinda kompyuta kwa sasa. La pili ni kama ulinzi wa muda wote, ulioandikwa "Real-time protection", umewashwa. La tatu ni tarehe ya mwisho ya kupokea orodha mpya ya virusi. Tarehe hiyo ikiwa ya leo au jana, uko salama. Ikiwa ya mwezi uliopita, una mlinzi asiyejua sura za wezi wa mwezi huu.

Ukikuta Defender imezimwa na hakuna antivirusi nyingine, uliza nani aliizima. Jibu la kawaida ni kwamba fundi aliweka Windows au Office ya wizi, na programu zinazotumika kuvunja kufuli la leseni hizo hudai Defender izimwe kwanza. Kazi ikishaisha, mara nyingi hakuna anayekumbuka kuiwasha tena.

Jambo jingine la kuangalia ni antivirusi za majaribio. Laptopu mpya nyingi hutoka kiwandani zikiwa na McAfee au nyingine ya kulipia iliyopewa muda mfupi wa bure. Muda ukiisha, inabaki kwenye kompyuta ikikukumbusha kulipa huku orodha yake ya virusi ikichakaa. Kama huna nia ya kuilipia, iondoe kabisa, nayo Defender itarudi kazini. Usiweke antivirusi mbili zinazofanya kazi kwa pamoja ukidhani unaongeza ulinzi. Zitagombania faili lile lile, kompyuta itakuwa nzito, na moja inaweza kuiona nyingine kuwa ndiyo virusi.

Umri wa Windows una uzito kuliko jina la antivirusi

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kuachwa huko maana yake ni kwamba udhaifu mpya ukigunduliwa ndani ya Windows yenyewe, hautengenezewi tena dawa. Kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10, Microsoft ilifungua mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambao mtu hujiandikisha mwenyewe kupitia ukurasa wa Windows Update. Vilevile iliahidi kuendelea kuipa Defender ya Windows 10 orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028.

Ahadi hizo mbili zisichanganywe. Orodha ya virusi humsaidia mlinzi kumtambua mwizi anayepita mlangoni, lakini haizibi tundu la ukutani. Dunia ililiona hilo tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipoingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikifunga mafaili na kudai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Dawa ya udhaifu vilivyoutumia ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Kompyuta zilizokuwa zimesasishwa hazikuingiliwa kwa njia ile.

Kwa hiyo, kama unataka kununua laptopu ya mtumba Kariakoo, Luthuli Avenue au mahali pengine popote, uliza kama inapokea Windows 11 kwa njia halali. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Pesa ulizotenga kununulia antivirusi ya kulipia ni afadhali uziongeze hapo upate mashine inayosasishwa, ukatumia Defender ya bure, kuliko kuweka antivirusi ya gharama juu ya Windows iliyoachwa.

Je, kompyuta yako hukaa na intaneti?

Hili ndilo swali ambalo makala nyingi za nje hazilitilii maanani, kwa sababu huandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo intaneti haikatiki. Kwetu jibu hubadilisha uchaguzi.

Antivirusi za siku hizi hazitegemei tu orodha iliyomo ndani ya kompyuta. Zikikutana na faili zisilolijua, huiuliza seva ya kampuni kupitia intaneti na kupata jibu papo hapo. Defender hutegemea sana utaratibu huo. AV-Comparatives, maabara huru iliyopo Innsbruck nchini Austria, hupima uwezo wa kutambua virusi mara mbili: kompyuta ikiwa haina intaneti, na ikiwa nayo. Katika vipimo vya miaka mingi, Defender bila intaneti imekuwa ikiachwa nyuma na Bitdefender na Avast. Intaneti ikiwashwa, pengo hupungua sana.

Maana yake kwa nyumba zetu ni hii. Kama una faiba au ruta inayowaka siku nzima, Defender inakutosha. Kama kompyuta huunganishwa kwa hotspoti ya simu mara moja kwa wiki, bando likiwepo, huku flashi zikiingia na kutoka kila siku, basi una sababu ya kweli ya kutafuta antivirusi yenye nguvu hata bila mtandao.

Mwenye bando dogo asiache kusasisha. Windows ikiambiwa kwamba muunganisho wako ni wa kupimiwa, inaweza kuahirisha baadhi ya masasisho ili kukuokolea data. Panga angalau siku mbili katika wiki, washa hotspoti, ingia Windows Security, ubonyeze sehemu ya "Protection updates" kisha "Check for updates". Kama bando ni tatizo kubwa, Microsoft huweka kwenye tovuti yake orodha ya virusi ya Defender kama faili moja ambalo unaweza kulipakua ofisini au chuoni na kuja nalo nyumbani. Hakikisha limetoka kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe.

Flashi iliyotoka steshenari

Ukitaka kujua kwa nini nazitilia mkazo flashi, tazama namna virusi vya "shortcut" vinavyofanya kazi. Mzazi anapeleka flashi steshenari kuchapisha fomu ya shule. Kompyuta ya pale imechomekwa flashi za watu wengi tangu asubuhi. Fomu inatoka, mzazi analipa, anarudi nyumbani. Akichomeka flashi kwenye laptopu anaona folda zake zote zipo: Picha, Shule, Kikoba.

Atazame kwa makini zaidi. Kwenye pembe ya chini ya kila aikoni kuna mshale mdogo. Akiangalia ukubwa wake, folda iliyokuwa na picha mia tatu sasa inaonyesha kilobaiti moja au mbili. Kile anachokiona si folda, ni njia ya mkato iliyotengenezwa na virusi. Folda yenyewe ingali kwenye flashi, ila imefichwa. Akibofya mara mbili, njia hiyo ya mkato kwanza inawasha virusi vilivyojificha kwenye flashi, kisha inamfungulia folda halisi ili asishuku kitu. Picha anaziona, na kompyuta imeshaambukizwa. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye laptopu hiyo itaondoka na ugonjwa ule ule.

Ukiona dalili hiyo, usibofye. Fungua "This PC", bonyeza aikoni ya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague amri ya kuikagua kwa Defender au kwa antivirusi yako. Ukaguzi ukiisha na virusi kuondolewa, angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua dirisha jeusi, kisha andika amri hii na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zilizofichwa zitaonekana. Futa zile njia za mkato, hamishia kwenye kompyuta nyaraka na picha unazozijua, kisha ufomati flashi. Usiishie hapo: kagua na kompyuta nzima, la sivyo itaiambukiza flashi upya kesho.

Hapa pana kigezo cha kuchagulia antivirusi. Defender hukagua faili pale unapolifungua, lakini kwa mipangilio yake ya kawaida haikagui flashi yote mara unapoichomeka. Antivirusi kadhaa za makampuni mengine zinaweza kukagua flashi ikichomekwa, au kukuuliza kama unataka zifanye hivyo. Kwa nyumba ya mwalimu, ya mwanafunzi wa chuo au ya mwenye biashara ya uchapishaji, huduma hiyo ina thamani. Pia punguza safari za flashi yenyewe: steshenari nyingi sasa hupokea nyaraka kwa WhatsApp au barua pepe. Ukilazimika kubeba flashi, tenga moja ya kuchapishia tu, yenye nyaraka za siku hiyo, isiyo na picha wala hesabu za familia.

Soma vipimo, usisome matangazo

Orodha za "antivirusi kumi bora" zilizojaa mtandaoni mara nyingi huandikwa na watu wanaolipwa kamisheni kila msomaji anaponunua kupitia kiungo chao. Nenda kwenye maabara. Mbali na AV-Comparatives, ipo AV-TEST ya Magdeburg nchini Ujerumani na SE Labs ya Uingereza. Matokeo yao husomwa bure.

AV-TEST hutoa alama katika mambo matatu: ulinzi, wepesi wa kompyuta, na urahisi wa matumizi, ambao unajumuisha ni mara ngapi programu inatoa tahadhari ya uongo. Kila jambo lina alama 6, jumla 18. Defender, ambayo zamani ilidharauliwa, imeshapata 18 katika vipindi vingi vya miaka ya karibuni.

Unaposoma, usihangaike na tofauti ya asilimia 99.6 na 99.8. Angalia kama programu imekuwa nzuri kwa vipindi kadhaa mfululizo. Angalia alama ya wepesi kama laptopu yako ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka, maana antivirusi nzito kwenye mashine hiyo itawafanya watoto waizime ili waendelee na kazi. Angalia pia tahadhari za uongo. Programu inayopiga kelele kila siku bila sababu humzoesha mtu kubonyeza "ruhusu" bila kusoma, na siku ya hatari ya kweli atabonyeza vilevile.

Ya bure, ya kulipia, na ya wizi

Zipo antivirusi za bure zilizo nzuri, kama vile Bitdefender, Avast na Kaspersky katika matoleo yao ya bure. Lakini jiulize kampuni inapata wapi pesa. Nyingi hutegemea kwamba baadhi ya watumiaji watahamia toleo la kulipia, ndiyo maana hukuletea matangazo yao kila mara. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni lililotokea kwa Avast: taarifa za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea zilikusanywa na kuuzwa kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa hizo kwa matangazo. Funzo lake ni kwamba wakati wa kusakinisha antivirusi yoyote ya bure unapaswa kufungua mipangilio ya faragha na kuzima kila kipengele cha kutoa taarifa zako kwa watu wengine.

Ujue pia kwamba majina mengi si lazima yawe makampuni mengi. Norton, Avast, AVG na Avira zote sasa ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital. Aliyechoshwa na mojawapo akahamia nyingine kati ya hizo hajatoka mbali.

Kuhusu Kaspersky, ambayo maboksi yake yameenea sana madukani kwetu: vipimo vya maabara vimekuwa vikiipa alama za juu kwa miaka mingi. Hata hivyo Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake nchini humo, ikitaja hofu ya uhusiano na serikali ya Urusi. Kampuni imeyakanusha madai hayo. Msomaji aliyeko Marekani aitafutie mbadala, kwani masasisho huko yalisitishwa tangu mwisho wa Septemba 2024. Aliyeko Afrika Mashariki anaweza kuinunua. Anayetunza nyaraka nyeti za kazi na apime mwenyewe kama hofu hiyo inamgusa.

Za kulipia huongeza vitu kama VPN, hifadhi ya manenosiri, udhibiti wa watoto na leseni ya vifaa kadhaa. Lipia kama utavitumia. Uwezo wa kutambua virusi mara nyingi ni ule ule kati ya toleo la bure na la kulipia la kampuni moja. Na udhibiti wa watoto unapatikana bure kupitia Microsoft Family Safety.

Iliyobaki ni ya wizi, ile anayokuwekea fundi kwa shilingi elfu chache na kukuambia ni "ya maisha". Ikatae. Anayevunja kufuli la antivirusi amebadilisha kitu ndani yake, na wewe unaiweka programu hiyo kwenye nafasi yenye mamlaka makubwa kuliko zote katika kompyuta: inasoma kila faili na kuruhusu au kukataa chochote. Ikiwa ndani yake amepandikizwa jasusi, hakuna atakayemkamata. Na hata isipokuwa na jasusi, ufunguo wa wizi hufungiwa na kampuni siku yoyote, na masasisho yakakoma kimyakimya. Defender ya bure na halali ni bora mara nyingi kuliko yoyote ya wizi, hata iwe na jina gani.

Ukiamua kununua

Dukani au mtandaoni, pitia mambo haya kabla ya kutoa pesa:

1. Jaribu kwanza. Makampuni makubwa hutoa muda wa majaribio. Itumie wiki kadhaa uone kama kompyuta inabaki nyepesi.

2. Tazama boksi au kadi. Sehemu ya kukwangua iwe haijaguswa, na tarehe ya mwisho ya kuwasha leseni iwe haijapita.

3. Uliza eneo la leseni. Baadhi ya leseni hufungwa kwa nchi au kanda. Kadi iliyoletwa kutoka Dubai au Ulaya inaweza kukataa kuwashwa Mombasa au Mwanza. Iwashe mbele ya muuzaji kabla hujaondoka, na uombe risiti.

4. Hesabu vifaa. Leseni ya vifaa vitatu inayogawanywa na ndugu wa nyumba moja huwa nafuu kuliko tatu za kifaa kimoja kimoja.

5. Soma bei ya mwaka wa pili. Bei ya kwanza mara nyingi ni ya punguzo, na ya kuendelea hupanda sana. Ukilipia kwa kadi, zima malipo ya kujirudia yenyewe kama hutaki kukatwa mwakani bila kutarajia.

6. Pakua kwenye tovuti ya kampuni. Andika anwani mwenyewe badala ya kubofya tangazo la juu kwenye Google, kwa sababu walaghai nao hununua matangazo.

Ikishawekwa, ipime

Usiamini rangi ya kijani peke yake. Lipo faili la majaribio lililokubaliwa na watengenezaji wa antivirusi, linaloitwa EICAR. Ni mstari wa herufi na alama 68 usio na madhara yoyote, ila kila antivirusi nzima hulichukulia kama virusi. Lipakue kwenye tovuti ya eicar.org. Antivirusi yako ikilikamata, iko macho. Ikikaa kimya, kuna kitu hakijakaa sawa.

Kisha rekebisha mambo machache. Panga ukaguzi wa kompyuta nzima saa ambayo haitumiki. Kwa mwenye Defender, washa kipengele cha kuzuia programu zisizotakiwa, zile zinazoingia zikiwa zimefungashwa pamoja na programu za bure. Iko pia sehemu ya "Controlled folder access" inayozuia programu ngeni kubadilisha mafaili katika folda zako muhimu. Kwa kawaida huja ikiwa imezimwa, na ndiyo kinga ya moja kwa moja dhidi ya virusi vya kuteka mafaili. Wafungulie watoto akaunti za kawaida zisizo na mamlaka ya kusakinisha programu, na ya msimamizi ibaki kwako na nenosiri lake.

Ifundishe familia nzima jambo moja zaidi. Ukurasa wa intaneti hauwezi kuikagua kompyuta yako. Ukijitokeza ujumbe mwekundu wenye king'ora na namba ya kupiga, ukidai virusi vimeonekana, ni uongo. Usipige, usilipe, usimruhusu mtu yeyote aingie kwenye kompyuta yako kwa AnyDesk au TeamViewer. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kifunge kivinjari kwenye orodha itakayofunguka, kisha ukague kompyuta kwa antivirusi yako halisi.

Ambacho hakuna antivirusi itakufanyia

Hakuna programu inayokamata kila kitu. Haitakuzuia kumtajia tapeli namba ya siri ya M-Pesa, na haitarudisha picha zilizofungwa na virusi vya kuteka mafaili. Kinga ya mwisho ni nakala. Nunua diski ya nje, nakili picha na nyaraka kila mwezi, kisha ichomoe na uitunze kabatini. Diski inayoachwa imechomekwa muda wote itafungwa pamoja na kompyuta. Nyaraka chache zilizo muhimu kuliko zote, kama vyeti na hati, weka na nakala nyingine mtandaoni, kwenye Google Drive au OneDrive.

Mafaili yakishatekwa, chomoa intaneti kwanza na usikimbilie kulipa; kulipa hakukuhakikishii kurudishiwa. Tembelea nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na makampuni ya usalama. Huko kuna funguo za bure za aina kadhaa za virusi hivyo. Taarifa za mashambulizi hupokelewa Tanzania na TZ-CERT, iliyo chini ya TCRA, na Kenya na KE-CIRT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Uamuzi kwa ufupi

Nyumba yenye Windows 11 na intaneti ya kudumu ibaki na Defender, na pesa ziende kwenye diski ya nakala. Nyumba yenye bando la kubahatisha na flashi nyingi ichague Bitdefender au nyingine yenye alama za juu bila intaneti, ya bure au ya kulipia, na isasishwe kwa ratiba. Mwenye Windows 10 ajiandikishe kwenye mpango wa nyongeza huku akijipanga kuhama. Mwenye Windows 7 asiitumie kwa benki wala barua pepe, hata akiwa na antivirusi ya gharama kubwa. Mwenye Mac anao ulinzi wa Apple uitwao XProtect. Ahakikishe tu kwamba masasisho yanaingia.

Leo, kabla hujazima kompyuta, fungua Windows Security na usome tarehe ya sasisho la mwisho. Ikiwa imepita wiki, sasisha kwanza ndipo ufikirie kununua.